Mtambo Usiolala: Tangazo Moja kwa Mitandao Mingi Huko Kalobeyei

MSOMAJI, hebu tuchukue mfano wa tangazo dogo kabisa: mkutano wa wazazi shuleni umeahirishwa kutoka Jumamosi hadi Jumatatu. Jijini Nairobi mwalimu ataandika mistari miwili katika kundi la WhatsApp la wazazi, kisha ataendelea kunywa chai yake. Lichukue tangazo hilo hilo ulipeleke Kalobeyei, katika kaunti ya Turkana, uone kazi ilivyo. Mzazi wa kwanza anasoma Kiswahili na yumo katika Facebook. Wa pili anajua Kiarabu cha Juba, na simu yake ni ile ndogo ya kubonyeza isiyo na intaneti. Wa tatu ni Msomali ambaye hapendi kusoma sana, hutegemea ujumbe wa sauti. Wa nne ni mama Mturkana wa kijiji cha jirani ambaye habari zake huzipata redioni. Wa tano ana simu nzuri kuliko wote, ila imezimika chaji tangu juzi. Na watoto wa wazazi hao watano huenda wanakaa katika darasa moja.

Ndiyo maana nimeona tuzungumzie leo hizi programu zinazochukua ujumbe mmoja na kuusambaza kwenye mitandao kadhaa kwa mpigo mmoja, tena kwa siku na saa iliyopangwa mapema, mwenyewe akiwa amelala. Mjini tumezizoea kama vifaa vya wafanyabiashara, wanasiasa na wasanii wanaotaka kuonekana kila mahali. Kwa watu wa Kalobeyei ni jambo zito zaidi, kwa sababu ujumbe unaweza kumtoa mtu nyumbani akatembea kilomita kadhaa juani, akiwa na mtoto mgongoni, kufuata kitu kilichotangazwa.

MAHALI PENYEWE

Kwa wale ambao hawajafika huko, Kalobeyei ni makazi ya wakimbizi yaliyo umbali wa kilomita 3.5 hivi kutoka kambi ya Kakuma, kwenye barabara kuu inayotoka Lodwar kuelekea Lokichoggio. Kakuma yenyewe ilianza mwaka 1992, walipofika vijana wa kiume waliokuwa wamevikimbia vita vya Sudan. Ilipofurika, serikali ya kaunti ya Turkana ilikubali mwaka 2015 kutoa hekta 1,500 za ardhi, na mwaka uliofuata familia zikaanza kuhamia. Nia ilikuwa kujenga makazi ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule, zahanati na soko moja. Leo Kakuma na Kalobeyei kwa pamoja zina watu takriban laki tatu. Humo mna watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko, kila mmoja na lugha yake.

Tangu mwanzo, maisha ya Kalobeyei yalifungamana na simu. Agosti 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianzisha Kakuma utaratibu unaoitwa Bamba Chakula, ambapo sehemu ya mgao ilitumwa kama pesa za kununulia chakula kupitia laini ya simu. Kalobeyei ilipofunguliwa, utaratibu huo ndio ulioshika nafasi kubwa badala ya magunia. Kwa hiyo mtu wa huko alijua mapema kuliko wengi wetu maana ya kungoja ujumbe unaotumwa na mtambo. Mlio mmoja wa simu, watu wanaelekea dukani. Mlio usipokuja, sufuria haikai mekoni.

Njia nyingine za habari zipo pia. Kuna wenyeviti wa bloki na vipaza sauti vyao. Kuna redio: Atanayeche FM ya Kakuma, iliyopewa jina la Nayeche, yule bibi wa simulizi za asili za Waturkana, na Radio Akicha ya jimbo Katoliki la Lodwar. Tangu mwaka 2001 shirika la FilmAid lilikuwa likionyesha sinema na matangazo ya afya kambini kwa skrini kubwa. Mwaka 2008 wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti lao, Kanere, lililotoka kwa njia ya intaneti. Njia hizi hazikuchukuana nafasi. Zilirundikana, moja juu ya nyingine, na anayetangaza leo inambidi azipitie karibu zote.

MTAMBO UNAFANYAJE?

Kazi ya kupitia milango hiyo mmoja mmoja inachosha. Yeyote aliyewahi kuwa katibu wa chama cha vijana anajua: unaandika Facebook, unanakili, unafungua Instagram, unagundua picha haikai vizuri, unaenda X (ile iliyokuwa Twitter), unaambiwa maneno yamezidi, unarudi WhatsApp, na hapo bando limekwisha.

Programu za kuposti zilizaliwa ili kuondoa adha hiyo. Hootsuite ilianzishwa mjini Vancouver, Kanada, mwaka 2008. Buffer ilianzia Uingereza mwaka 2010. Kampuni ya Meta nayo ina chombo chake cha kupanga matangazo ya Facebook na Instagram bila malipo. Nyingi za programu hizi zina sehemu ya bure yenye mipaka na sehemu ya kulipia. Unaandika mara moja, unachagua mitandao, unaweka siku na saa, unakwenda zako.

Siri yake ni rahisi. Kila kampuni ya mtandao ina mlango wa nyuma ambao programu nyingine zinaweza kuutumia zikiwa na ufunguo. Unapoiruhusu Buffer au nyinginezo kuingia katika ukurasa wako, unaipa ufunguo huo. Tangazo lako halikai tena katika simu yako. Linakwenda kukaa katika tarakilishi kubwa za kampuni hiyo, ng'ambo huko, na saa ikifika zinagonga ule mlango wa nyuma kwa niaba yako.

Hapo ndipo faida kubwa kwa mahali kama Kalobeyei inapoonekana. Umeme huko si wa kutegemea kila saa kama wa Westlands. Mwaka 2019 kampuni ya Renewvia ilianza kusambaza umeme wa jua kwa gridi ndogo katika makazi hayo, na biashara zikachangamka, lakini bado wako wengi wanaolipia kuchaji simu. Ujumbe uliokwisha pangwa hautazami chaji yako. Simu inaweza kuwa imezimika na mwenyewe yuko kisimani, tangazo linatoka. Isitoshe, bando linanunuliwa mara moja, kazi ya wiki nzima inafanywa kwa saa moja penye mtandao mzuri, basi.

Tuseme kuna mama mshonaji mwenye cherehani mbili. Jumapili jioni anapiga picha za vitenge alivyoshona, anapanga tano zitoke Jumatatu hadi Ijumaa katika Facebook na Instagram, kisha wiki nzima anashona. Asingekuwa na mtambo, angechagua moja kati ya sindano na simu. Kwa mama huyo sioni ubaya wowote wa programu hizi, na namshauri azitumie hata kesho.

Lakini kile kinachomfaa ndicho kinachoweza kumponza mwingine. Ikiwa tangazo linatoka hata simu yako ikiwa imezimika, basi litatoka pia ukitaka kulizuia na simu imezimika.

CHIFU WA LANET

Kabla ya kufika kwenye madhara, tuangalie mfano mmoja wa nyumbani uliofanikiwa. Katika lokesheni ya Lanet Umoja, kaunti ya Nakuru, alikuwako chifu aliyeitwa Francis Kariuki. Mwanzoni mwa mwaka 2012 vyombo vya habari vya dunia nzima vilimwandika. Chifu huyo alikuwa akitumia Twitter kuwaarifu raia wake mambo ya mtaani: kondoo aliyepotea, mkutano, wezi. Usiku mmoja, saa kumi za alfajiri, alipigiwa simu kwamba nyumba ya mwalimu imevamiwa. Aliandika ujumbe mmoja. Dakika chache baadaye majirani walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba hiyo, na wezi wakatimua mbio.

Utauliza, mwaka 2012 wanakijiji wangapi wa Lanet walikuwa na Twitter? Wachache mno. Jibu ni kwamba siku hizo Twitter ilikuwa na huduma ya kupeleka ujumbe kwenye simu za kawaida kwa arafa. Mwananchi aliandika neno fupi la kumfuata chifu, akalituma, na tangu hapo kila alichoandika chifu kilimfikia katika simu yake ya kubonyeza bila intaneti na bila gharama. Chifu aliandika mara moja, na mtambo ukapeleka kwa njia mbili. Hiyo ndiyo habari yetu ya leo, miaka mingi kabla haijawa mtindo.

Sasa sikiliza mwisho wake. Aprili 2020 Twitter iliifunga huduma ya arafa katika nchi nyingi. Mtindo wa Lanet hauwezi kurudiwa leo kwa njia ile, hata chifu awe hodari namna gani.

MILANGO ILIYOFUNGWA

Huduma hiyo haikuwa ya pekee kufungwa. Agosti 2018 Facebook ilizizuia programu za nje kuposti zenyewe kwenye kurasa za watu binafsi. Kurasa za biashara zikaruhusiwa kuendelea. Mapema mwaka 2023 Twitter ilitangaza kwamba mlango wake wa nyuma hautakuwa bure kama zamani, na mitambo mingi midogo iliyokuwa ikitangaza hali ya hewa na tahadhari ikanyamaza. Aprili 2024 Facebook ilifunga mlango wa programu za nje katika vikundi. Hili la mwisho liliumiza zaidi jamii kama za Kalobeyei, kwa maana watu wa bloki moja au wa kabila moja hukutana kwenye vikundi kuliko kwenye kurasa rasmi.

Na WhatsApp, ambako ndiko waliko watu wetu wengi? Hiyo ni ngome. Kampuni inakataza kutuma ujumbe kwa wingi kwa kutumia mitambo isiyo rasmi, na laini inayokamatwa hufungiwa. Kwa mtu wa kawaida iko orodha ya kutangazia yenye mwisho wa majina 256, nayo ina sharti moja ambalo wengi hawalijui: ujumbe haumfiki mtu ambaye hajahifadhi namba yako katika simu yake. Unaweza kudhani umewatangazia watu 200 kumbe waliopata ni 60. Julai 2023 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi chache za kwanza kuongezwa katika huduma mpya ya chaneli za WhatsApp, ambamo mmoja anasema na maelfu wanasikiliza. Ni chombo kizuri kwa shule au zahanati, ingawa nafasi ya anayesikiliza kujibu ni ndogo sana.

Maoni yangu ni haya: mtu anayetangaza jambo la maana asiiache orodha ya watu wake mikononi mwa kampuni moja. Daftari lenye majina na namba za simu, likiwa limetunzwa vizuri na wenyewe wameridhia kuandikwa humo, bado lina thamani kuliko wafuasi elfu tano. Namba hizo si mali ya katibu, kwani sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inamhusu naye pia.

SAA TATU IPI?

Kuna kosa moja ambalo linatuhusu sisi Waswahili peke yetu, na sijaona likiandikwa katika vitabu vya maelekezo vya programu hizi. Mtambo hauhesabu saa kama sisi. Mtu anayetaka tangazo litoke saa tatu asubuhi anaweka tarakimu 3 na kuchagua alama ya asubuhi. Tangazo linatoka saa tisa za usiku, wakati hata jogoo hajaamka. Saa tatu yetu kwa mtambo ni 9. Kama mpangaji ni kijana aliyesoma kwa Kiingereza na mwenye tangazo ni mzee wa Kibajuni au wa Kikongo anayehesabu kwa Kiswahili, wawili hao wanaweza kukubaliana "saa mbili" na kila mmoja akawa na saa yake kichwani. Waethiopia nao huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, kwa hiyo katika Kalobeyei mkanganyiko huu si wa Waswahili tu.

Juu ya hilo kuna saa za mahali. Baadhi ya programu, ukijiandikisha, huweka saa ya Marekani mpaka uibadilishe mwenyewe kuwa ya Nairobi. Nairobi iko mbele ya Los Angeles kwa saa 10 au 11, kutegemea msimu wao. Tangazo la mkutano wa asubuhi linaweza kutoka wakati watu wanarudi kutoka mkutanoni. Kabla hujampa mtambo kazi ya maana, mpe kwanza kazi ya upuuzi: panga salamu ya kawaida itoke baada ya nusu saa, kisha kaa utazame.

HERUFI SABINI

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba ujumbe mmoja si ujumbe mmoja ukishafika katika mitandao tofauti. X humpa mtumiaji wa bure herufi 280. Instagram haikubali anwani ya intaneti ibonyezeke ndani ya maelezo ya picha, kwa hiyo ule mstari wa "bonyeza hapa" unabaki pambo. TikTok hupendelea video. Mtu anayemwaga maneno yale yale kila mahali anafanana na mhubiri anayesoma hotuba ya harusi matangani.

Arafa ndiyo yenye masharti ya ajabu zaidi, na ndiyo inayowafikia walio wengi. Arafa ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, mwaka ule ule Kakuma ilipofunguliwa. Kikomo chake ni herufi 160. Lakini hizo ni herufi za kialfabeti cha Kilatini, kinachotumika kuandika Kiswahili, Kisomali, Kirundi na Kifaransa. Ukiandika kwa hati ya Kiarabu au ya Kiamhari, kikomo kinashuka hadi 70, kwa sababu kila herufi huchukua nafasi kubwa zaidi ndani ya mtambo. Tangazo la herufi 150 ambalo kwa Kiswahili ni arafa moja, kwa Kiarabu linaweza kuvunjika vipande viwili au vitatu, na anayelipia hutozwa kila kipande. Fikiri juu ya shirika dogo lenye bajeti ya arafa elfu moja. Bila mtu yeyote kukusudia ubaguzi, lugha fulani zitaanza kuachwa kwa kuwa ni ghali.

Kuna hata kijana aliyepata ujanja wa kuepa gharama hiyo: andika Kiarabu kwa herufi za Kilatini, kama vijana wanavyofanya katika soga zao. Vijana wataelewa. Mzee aliyesoma madrasa hataelewa.

Kwa ajili hiyo, tafsiri haiwezi kuachiwa programu. Wapo watu wanaobonyeza kitufe cha tafsiri na kusambaza lugha sita bila hata mmoja kuzisoma. Katika biashara ya vitenge hilo litaleta kicheko. Katika tangazo la chanjo ya watoto, neno moja likigeuka, watoto wanabaki nyumbani.

HABARI INAPOCHACHA

Sasa tufike kwenye lile nililosema linaweza kumponza mtu. Habari ni kama maziwa ya ngamia katika joto la Turkana, haikai. Iliyo kweli Jumatatu inaweza kuwa uongo Alhamisi, na mtambo hauna pua ya kunusa.

Dunia imeona mifano. Julai 2012, asubuhi baada ya mtu mwenye bunduki kuua watu 12 ndani ya jumba la sinema mjini Aurora, Marekani, ukurasa wa Twitter wa jarida moja la chama cha wamiliki wa bunduki ulitoa salamu za furaha kwa wapiga shabaha. Ujumbe ulipitia Hootsuite, na wengi wakaamini ulikuwa umepangwa mapema. Msemaji wa chama hicho alieleza kwamba aliyeuandika hakuwa na habari ya mauaji. Iwe hivi au vile, waliofiwa waliusoma.

Kwa watu wa Kalobeyei mfano uko karibu zaidi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi nchini Marekani. Familia zilizokuwa zimekwisha kuuza vyombo na kuaga majirani ziliambiwa safari hakuna. Sasa jiulize: ujumbe wowote wa kuwakumbusha wasafiri kujitayarisha, uliokuwa umepangwa na mtu wiki moja kabla, ungekuwa umegeuka nini kufikia tarehe 21? Mwezi Agosti mwaka huo huo, fedha za msaada zilipopungua, mgao wa chakula ulibadilishwa na familia zikawekwa katika makundi manne kwa kadiri ya mahitaji, huku kundi la nne likiachwa bila mgao. Watu walitaka kujua jambo moja tu: mimi niko kundi gani? Katika siku kama hizo ujumbe wa zamani unaojirudia kila juma, ukisema mgao ni ule ule, ni hatari kuliko ukimya. Unampa mtu tumaini, anakwenda, anarudi mikono mitupu, na kesho hata tangazo la kweli hataliamini.

Matapeli wanaijua njaa hiyo ya habari. Nao wana mitambo. Ukurasa wenye nembo ya kuiga unaweza kupangwa utoe kila siku, katika vikundi vingi, ahadi ile ile ya nafasi ya kwenda Kanada au Australia kwa malipo kidogo ya fomu. Shirika la UNHCR limerudia mara nyingi kwamba huduma zake zote ni za bure, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu. Yeyote anayedai pesa kwa jambo hilo ni mwizi. Hata hivyo uongo unaoposti mara kumi kwa siku una nguvu dhidi ya ukweli unaotangazwa mara moja kwa mwezi, na kwa maoni yangu hapa ndipo mtambo unapostahili kuwekwa upande wa haki. Onyo la kwamba huduma ni bure halichachi. Linaweza kupangwa mwaka mzima, kwa lugha zote, kwa sauti na kwa maandishi, nalo litabaki kweli. Vivyo hivyo namba ya dharura ya zahanati, au namna ya kutayarisha maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayehara.

Mtu mwenye busara basi angegawa matangazo yake mafungu mawili. Yasiyochacha yaende kwa mtambo. Yanayochacha, kama tarehe, mgao, safari, mkutano na bei, yaandikwe na mtu siku ile ile, na akilazimika kuyapanga mapema, asiyapange kupita siku mbili tatu, na awepo mtu wa pili mwenye simu yenye chaji anayeweza kuyafuta.

KAZI KWA VIJANA

Wazazi watauliza kama kuna ugali katika mambo haya. Upo, tena hata huko Turkana. Kituo cha Kimataifa cha Biashara pamoja na Baraza la Wakimbizi la Norway waliwafundisha vijana wa Kakuma kazi za mtandaoni kupitia mradi wao wa ajira na ujuzi, na kazi mojawapo ambayo wateja wa mbali hutafuta ni hii ya kutunza kurasa. Upande wa wenyeji, kando ya Ziwa Turkana, kuna chuo cha Startup Lions kilichofunguliwa mwaka 2021, ambako vijana wa kaunti hufundishwa kazi za tarakilishi. Kilichorwa na Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Minara yake imeigwa kutoka vichuguu vya mchwa ili hewa ya joto ipande na kutoka juu. Wanafunzi wetu wa Nairobi na Mombasa wanaolalamika kwamba kozi hizi ni za watu wa ng'ambo wangefaa kujua hilo.

Kijana anayeifanya kazi hii hulipwa kwa kufikiri. Kubonyeza kitufe cha kupanga kunaweza kufundishwa kwa mchana mmoja. Kujua kwamba wiki hii mteja anyamaze kwa sababu kuna msiba mjini, au kwamba mwezi wa Ramadhani tangazo la chakula litoke karibu na magharibi, hilo ndilo linalomfanya mteja arudi.

Liko tatizo moja ambalo Kalobeyei wanalo kuliko sisi, nalo ni la ufunguo. Kurasa za vyama na biashara mara nyingi hufunguliwa na kijana mmoja mwenye ujuzi, kwa laini yake ya simu. Kila mtu akitaka kuingia kutoka kifaa kipya, tarakimu za siri hutumwa kwenye laini hiyo. Siku moja kijana anahamishiwa nchi ya tatu, au anarudi kwao, au anapata kazi Lodwar na kubadili namba. Laini ya Kenya ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huifunga na kumpa mtu mwingine namba ile ile. Ukurasa wenye maelfu ya wafuasi unabaki bila mwenyewe, na matangazo yaliyopangwa yanaendelea kutoka moja baada ya jingine mpaka foleni iishe. Dawa yake ni ndogo: wasimamizi wawe angalau wawili, namba iwe ya chama, na ile karatasi ya tarakimu za akiba ambayo mitandao humpa mtu, ambayo karibu kila mmoja wetu huiruka, ichapishwe na kuwekwa katika faili moja na cheti cha usajili wa chama.